Siku Niliyomfokea Baba kwenye Katuni

Jumamosi. Mvua imekatika asubuhi, ashukuriwe Mungu, maana hapa kwangu Buhongwa ikianza kupiga bati hakuna kurekodi chochote. Sasa ni jioni, nimeshiba ugali na sato, moyo mweupe.

Leo ilikuwa zamu ya sehemu ya sita ya katuni yetu. Rafiki yangu Neema anachora na kurekodi; mimi naandika na kumsemea shujaa, Kulwa, kijana anayeruka juu ya ziwa. Mwalimu wake, Mzee Ng'wandu, magoti yamechoka lakini ngao haachii. Huyo anasemewa na baba yangu mzazi, ambaye huvuka ziwa kutoka kisiwani, Nansio, kila tukimhitaji. Tangu mama afariki anaishi kule peke yake, na kila nikimwomba ahamie kwangu anabadilisha mazungumzo.

Sehemu yenyewe ni ya ugomvi. Kulwa anamfokea mzee: "Umezeeka! Nipe hiyo ngao!"

Niliandika mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

Kusema sasa! Binti wa Kisukuma umkazie baba yako macho, umwambie amezeeka? Kila nikianza, sauti inalainika na magoti yanapinda yenyewe, kama namnawisha mikono. Kuna mara Kulwa, shujaa wa ziwa zima, alisema, "Umezeeka, baba, samahani." Neema alicheka mpaka akaharibu rekodi.

Baba akachoka. "Mama, huyo kijana wako ana hasira, au anaomba chumvi?"

Nikafumba macho. Nikamkumbuka Baba alivyoteleza akaanguka pale kisimani akiteka maji, na sisi watoto wake tukaja kuambiwa na majirani. Nikapasuka.

"Umezeeka! Unang'ang'ania nini peke yako? Ukianguka tena nani atakuokota?"

Hayo hayakuwa kwenye maandishi. Niliogopa nimemvunjia heshima, kwamba kesho atapanda meli na hatarudi tena kwangu.

Baba akajibu kwa sauti ya Mzee Ng'wandu, taratibu: "Ngao ni nzito, mjukuu wangu. Nilikuwa naona aibu kusema."

Neema hakuzima mashine. Mimi nililia, na sijutii.

Tukiwa tunakula, Baba aliuliza, bila kuniangalia, kama nyuma ya nyumba pana nafasi ya kuku wake.

Nikamjibu ipo. Sikuongeza neno, nisije nikaharibu.

Kesho yeye anavuka kwenda kuwafuata. Mimi natafuta fundi wa banda.