Machicha ya Nazi Yako ya Mwisho

Mama,

Nimekataa kutoka. Natanguliza hilo kwa sababu nakujua, hungesikiliza salamu zangu kabla ya kulipata. Chumba chetu cha Changamwe bado ni chetu, jiko liko pale pale mlangoni, na mimi Sidi wako ndiye ninayekalia mbuzi yako na kukuna nazi. Karatasi hii ni mfuko wa sukari, nimeukata na kuunyoosha kwa chupa ya maji moto. Sukari yenyewe usiniulize. Vita vimeila.

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike. Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilianza siku ile ile ya mazishi. Shangazi Kadzo aliingia kusaidia kupika, akakiona kifumbu chako cha kukamulia tui kimening'inia msumarini, na ndani yake machicha ya nazi uliyoikuna asubuhi ile kabla kifua hakijakubana. Akayakung'utia kwenye shimo la taka. Akasema mbele ya wanawake wote, "Wifi yangu alituaibisha na makapi haya. Sasa yaishe."

Mama, niliingia shimoni na nguo yangu ya msiba. Niliyaokota kwa mikono, nikayatandaza kwenye ungo na kuyaanika juani. Watu wakanong'onezana kwamba msiba umenipanda kichwani. Mwalimu wa kanisa alikuja kunishika bega, nami nikaendelea kutandaza. Angeshangaa nini? Yeye huketi kila Jumapili kwenye mabenchi uliyoyang'arisha kwa machicha. Aliwahi hata kukuuliza dawa hiyo unainunua duka gani, nawe ukamjibu kwa adabu zote kwamba inatoka Rabai. Si uongo, nazi zilitoka Rabai.

Walikuita mkono wa birika. Wacha waite. Mimi nakumbuka sabuni ilivyopotea madukani, wenzako wakilia kisimani, nawe ukarudi kimya ukakamua nazi yako: kasimele nzito ya kwanza, tui la pili, la tatu jepesi kama maji ya mchele. Nilipochukua machicha kwenda kuyatupa ulinishika mkono. "Kamua tena, bado yana neno." Ukayachanganya na majivu, ukasugua masizi ya sufuria mpaka nikaona uso wangu. Siku ya kipaimara changu ulinisugua visigino kwayo, nami nikalia kwamba nitanuka mchuzi mbele ya askofu. Hukunionea huruma hata kidogo. Mafuta ya taa yalipokuwa shida tuliwashia makaa kwa machicha makavu. Kuku walipata yaliyobaki, nao walitutazama kama watu waliodhulumiwa.

Basi Baba mdogo, anayejiona baba yangu tangu Baba afe, akakata shauri. Msichana hakai peke yake mjini, nirudi Rabai kwake, nimsaidie mkewe, na chumba kirudishwe kwa mwenyewe. Hakuniuliza. Mwenye chumba, Bi Mwanaisha, ndiye aliyeniita kando akaniambia kwamba nikiweza kukiweka kama ulivyokiweka wewe, hatampa mtu mwingine. Angekuja Jumamosi aone kwa macho yake. Jumamosi hiyo hiyo Baba mdogo na Shangazi wangekuja kunichukua.

Sasa nikiri kosa langu, maana ungelijua tu. Alfajiri ile nilikuwa na haraka. Nilikamua mara moja, nikachukua nusu ya machicha yakiwa bado na mafuta tele, nikasugua nayo sakafu. Iling'aa, Mama. Nilisimama kuitazama kwa majivuno. Shangazi akaingia na leso yake mpya, akapiga hatua mbili, ya tatu ikamponyoka, akaketi chini miguu imetangulia mbele.

Hakuumia. Nilicheka, Mungu anisamehe. Tangu ufe sikuwa nimecheka, na kicheko kilipotoka kilikataa kurudi ndani. Baba mdogo akanitazama, akasema, "Umeona? Huyu hata sakafu hawezi. Funga mizigo."

Hapo kicheko kikakatika. Nilimwambia, "Baba mdogo, nakuheshimu, lakini sitoki." 

Bi Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake. Aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakinusa. "Hii haikukamuliwa sawasawa," akasema. "Mamako hangefanya hivi. Fanya tena, nakutazama."

Nikafanya, wote watatu wakinitazama. Nilinyunyiza majivu sakafuni yanyonye mafuta, nikafagia, nikafuta kwa maji moto. Kisha nikachukua ile nusu ya machicha niliyokuwa sijaigusa, nikatia maji ya vuguvugu, nikakamua mara ya pili, ya tatu, tui likaenda kwenye chungu cha mbaazi. Nikapiga magoti nikaanza kusugua kutoka pembe ya kitanda chako. Baba mdogo alikohoa mara kadhaa akitaka kusema, Bi Mwanaisha akamwinulia bakora kidogo tu. Nilipofika mlangoni yule bibi alivua viatu, akatembea chumba kizima na kurudi.

"Wallahi, hapa hatoki mtu," akasema.

Baba mdogo aliondoka akisema nikishikwa na njaa nisibishe hodi kwake. Nimesikia, na sitabisha. Shangazi alibaki nyuma akijifuta leso, na nilipogeuka nilimwona akichota machicha kidogo kwenye ungo na kuyafunga kwenye pindo. Nilijifanya sikuona. Lakini wewe nakwambia.

Leo nimerudisha biashara yako, mbaazi za nazi na muhogo. Alfajiri kuni zilikuwa mbichi, zikagoma. Nikaenda kuleta yale machicha ya shimoni, ya nazi yako ya mwisho, makavu kabisa sasa. Nilisita, Mama. Nilitaka kuyaweka tu, niyaangalie. Halafu nikaisikia sauti yako ikiniuliza yanafanya nini hapo. Nikayatia motoni. Yalishika mara moja, yakanukia wewe, na nililia huku nikipuliza. Watu wa bandarini walipopita kwenda kazini chungu kilikuwa kinachemka, wakala wakamaliza.

Lala salama. Nakuahidi kifumbu hakitakaa kikavu msumarini nami ni mzima. Nilidhani machozi yangu yamekwisha, lakini nikikamua tena, bado yana neno.

Mwanao,
Sidi