Maziwa Yaliyomwagwa Mtaroni

MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe 9, saa tatu na nusu asubuhi.
Jina: anajulikana shambani kama Mama Ndoo. Umri: miaka 54. Kazi: mkamuaji wa ng'ombe. Makazi: chumba namba 7, nyumba za wafanyakazi, anaishi peke yake. Amekuja kituoni bila kuitwa.

Mimi ni mjane. Nimekamua katika shamba hilo miaka ishirini na mmoja. Huyo mliyemweka mahabusu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Wenzetu humwita Spika, maana maneno hayamwishi.

Mnamo tarehe 4, saa kumi alfajiri, wakamuaji wote tuligoma, na mimi nikiwemo. Mwenzetu alipigwa teke na ng'ombe akavunjika mkono, na meneja akamtoa kazini na chumbani siku hiyohiyo. Tulidai arudishwe, na sote tupate siku moja ya kupumzika kwa wiki. Spika alisimama langoni akamwambia meneja, "Hata tone halitoki hapa." Ndiyo maneno yaliyomponza.

Tarehe 5, saa kumi na moja jioni, nilikuwa chumbani. Ng'ombe walikuwa wakilia tangu jana yake. Kiwele kisipokamuliwa huwa kigumu na huuma. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha hahitaji kuelezwa. Niliingia zizini kwa mlango wa nyuma nikakamua ng'ombe kumi na wanne, wale walionizoea. Maziwa yangebaki kwenye ndoo, lori lingeyachukua na mgomo ungekufa. Kwa hiyo niliyamwaga mtaroni, ndoo baada ya ndoo. Nililia, sifichi.

Nilipotoka nilikutana na Spika akirudi kutoka langoni. Aliona mikono yangu ina maziwa. Akasema, "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Usinipigie hodi tena." Sikumwambia kwamba nimeyamwaga. Nami nina kiburi changu, na tulikuwa tumekubaliana mtu asiguse ng'ombe.

Nilirudia tarehe 6 na 7. Siku hizo hakuna aliyenisalimia. Nikifika bombani, wanawake walibeba ndoo zao zikiwa nusu wakaondoka. Habari za siku niliwasimulia ng'ombe, na majibu nikajipa mwenyewe.

Asubuhi ya jana meneja alizunguka nyuma ya zizi, akaona mtaro mweupe, akamleta Spika hapa. Afande, Spika hajamwaga hata kikombe. Jioni zote hizo alikuwa langoni na wenzake. Niliyemwaga ni mimi. Najua najitia kitanzi, ila sitaki alale humo tena kwa kosa langu.

Nimesema niliyoyatenda kwa mikono yangu. Hakuna aliyenifundisha wala kunituma.

Alama ya kidole gumba cha kulia: imewekwa.

Maelezo ya afisa: Alipofika kwenye kumwaga maziwa nilimsimamisha, nikamwonya kwamba sasa ni mtuhumiwa. Alisema, "Andika tu, mwanangu." Nimemsomea yote, ameyakubali. Fomu inataka jina la ndugu wa kuarifiwa. Alimtaja wifi yake. Baada ya muda aliomba nilifute jina hilo, niandike hakuna.