Kengele Kuanzia Kona

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani, na Mama kaniuliza kutoka uani naongea na nani. Nimemwambia naongea na wewe. Kasema, "Basi mwambie paa la choo linavuja." Haya, nimekwambia.

Sisi hatujambo. Mama anakula, japo bado anapikia ile sufuria kubwa halafu anashangaa chakula kinabaki. Kaka yako, Ba' Mkubwa Rajabu, amechukua kibanda chako cha baiskeli pale karibu na soko. Kuziba pancha hajui. Wateja wanakwenda kwake kwa heshima yako, kisha baiskeli zikishawaishia upepo wanazipeleka kwa fundi mwingine. Vijana siku hizi wanataka pikipiki. Mji unajengwa kila upande, minara ya simu imeota hadi njia ya Msalato, na wanafunzi tumejaa mpaka vyumba vya kupanga havipatikani. Baiskeli yako nyeusi iko chumbani kwangu. Ba' Mkubwa aliitaka. Nilimwambia achukue spana zote, ila baiskeli hapana, na nilisema kwa sauti ambayo ungenigombeza.

Nina mambo ya kukueleza, na wewe hukupenda habari nusunusu, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo.

Ulikuwa fundi baiskeli, lakini mtaani walikujua zaidi kwa kazi ambayo hakuna aliyekuajiri, kupeleka habari za msiba. Chama chetu cha kuzikana kina Waislamu na Wakristo, wengine wamehamia Mkonze, wengine Msalato, na maiti ya Muislamu haisubiri. Akifa mtu asubuhi, alasiri yuko kaburini. Kwa hiyo ulifunga kibanda, ukapanda baiskeli. Na ulikuwa na utaratibu wako ambao mtaa mzima uliujua. Siku za kawaida, ukija kwa mtu kumrudishia gurudumu au kumsalimia tu, ulipiga kengele kuanzia kona mpaka mlangoni, ili watu watulie. Siku ya msiba hukupiga. Ulishuka mbali, ukaikokota baiskeli kimya. Na ukifika hukusema mlangoni. Ulisalimia, ukaomba maji ya kunywa, ukakaa, ukauliza nani mwingine yuko nyumbani. Siku moja nilikuuliza kwa nini unaomba maji kila nyumba, hilo tumbo si litapasuka? Ukasema, "Nikimaliza maji, mtu atakuwa ameshajua. Mimi nitakuwa namthibitishia tu."

Nilicheka. Nilikuwa nimeanza chuo kikuu, uhandisi wa programu za kompyuta, na niliona dunia nzima inachelewa. Ba' Mkubwa hakutaka hata kusikia. "Uhandisi wa kitu kisichoshikika!" alikuwa akisema mbele ya wageni. "Mhandisi anajenga daraja. Huyu anajenga nini? Asomee ualimu, ajira ipo." Wewe ukamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo, "Muache. Akishindwa nitamfundisha kuziba pancha." Hapo nikajua umenidhamini. Nikishindwa, atakayechekwa ni wewe. Tangu siku hiyo ukaanza kuniita Injinia, tena kwa sauti, hasa kukiwa na watu.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi lazima atengeneze programu inayotumiwa na watu wa kweli, la sivyo hahitimu. Wenzangu walitengeneza za maktaba na za hoteli. Mimi nikatengeneza ya msiba. Niliunga simu kwa waya kwenye kompyuta. Ukiandika jina la marehemu na saa ya mazishi, ukabonyeza, kila mwanachama anapata meseji papo hapo, awe Mkonze, awe Msalato, hata yule mvuvi wetu aliyehamia Mtera. Namba ya kwanza kuiingiza ilikuwa yako, kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nakufanyia majaribio. Kila nilipotuma neno "Jaribio" ulinijibu neno moja, "Imefika." Hata ukiwa umekaa mbele yangu, unaniangalia usoni, ulibonyeza taratibu kwa kidole chenye grisi, "Imefika."

Ila hukuipenda yote. Ulisema, "Sawa, inakimbia. Na kama mtu yuko peke yake?" Nikakujibu, "Baba, meseji ni meseji." Ukanyamaza. Ulipokuwa hukubaliani na jambo ulinyamaza hivyohivyo, ukapuliza vumbi kwenye beringi.

Halafu ukafa wewe.

Sitaki kuirefusha hiyo. Ulianguka kibandani asubuhi, presha, na daktari alitoka akatuambia mimi, Mama na Ba' Mkubwa tukiwa kwenye benchi la nje. Tuliporudi nyumbani majirani wakaanza kujaa. Ba' Mkubwa, ambaye alikuwa hata kuitazama kompyuta yangu hataki, akasimama mlangoni pa chumba changu akasema, "Leo nani ataendesha baiskeli? Tuma hiyo ya kwako." Nikaandika jina lako. Nikabonyeza.

Koti lako lilikuwa limetundikwa kwenye msumari sebuleni, wanawake wamekaa chini yake kwenye mikeka. Mfukoni mwa koti simu yako ikalia. Mimi niliyejifanya nimefikiria kila kitu, sikufikiria kwamba marehemu naye ni mwanachama. Mama akainuka, akaitoa, akasoma habari ya kifo chako kwenye simu yako mwenyewe, kisha akaishika tu kifuani. Na mimi nilisubiri, Baba. Najua ni upumbavu, lakini nilikaa mbele ya ile kompyuta nikisubiri "Imefika."

Watu walikuja kwa wingi na kwa wakati. Wa Msalato walifika kabla hujaoshwa, na kwa hilo nashukuru. Lakini Bi Tabu wa Mkonze, yule mjane anayeishi peke yake uliyekuwa ukimwita dada, hajui kusoma. Meseji ilimkuta bombani. Akampa simu mwenye mkokoteni amsomee, na bwana yule akaisoma kwa sauti ya kutangaza mpira. Bi Tabu akakaa chini palepale kwenye tope, kati ya madumu ya watu asiowajua. Alifika msibani jioni, kanga imeganda tope, akanishika mkono. "Kwa nini hamkuniletea mtu?"

Baada ya arobaini wazee wa chama wakakaa, wakaamua programu iachwe. Ba' Mkubwa ndiye aliyeniletea maneno hayo, na aliyaleta kwa upole, ikaniuma kuliko kebehi zake zote. Akaongeza kuwa chuo cha ualimu bado kinapokea watu. Msimamizi wangu chuo kikuu naye akaniambia wazi kwamba programu isiyo na watumiaji haipokelewi, niwarudishe wanachama, la sivyo sitahitimu. Nilihesabu nimekwisha. Ningeishia kwenye chaki, na Ba' Mkubwa angekuwa amekushinda ukiwa kaburini, huwezi hata kujibu.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wazee, nikakikasirikia chuo, nikakukasirikia na wewe, maana ulijua na ukanyamaza. Ungenigombeza basi! Ungenipigia hata meza! Wewe unapuliza beringi, mimi nitajuaje? Nililia hasira zikaisha, kisha nikachukua baiskeli.

Nilianza na Bi Tabu. Nilitaka nimuombe radhi na nimuulize angependa iweje. Njia ya Mkonze ina mchanga, na nilipofika kwenye mashamba ya zabibu mnyororo ukakatika. Binti wa fundi baiskeli mzima, sikubeba hata koleo. Nikashuka, nikaikokota. Nilikuwa nimechoka, nimeinamisha kichwa, sina habari. Bi Tabu alikuwa nje anapepeta mtama. Akainua uso, akaiona baiskeli yako nyeusi inakokotwa, kengele hailii, na anayeikokota ameinama. Ungo ukamtoka mikononi. Akashika kichwa. "Uwii! Nani tena?"

"Hakuna, shangazi, hakuna! Mnyororo umekatika!" Nikaanza kupiga kengele kama kichaa, nimesimama palepale katikati ya njia. Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikakaa, tukacheka, kisha tukalia, kisha tukaanza kuokota mtama wa watu kwenye mchanga. Alipotulia akaniletea maji bila kuombwa.

Ndipo nilipokuelewa. Yeye hakuhitaji kusoma chochote. Ulikuwa unampa njia yote kutoka kona hadi mlangoni aanze kujishika, na ukifika upo, una kikombe mkononi, huondoki. Mimi nilikuwa nimeitoa hiyo njia nikidhani ni ucheleweshaji.

Nikamuuliza, likitokea la kutokea, angependa nani amletee habari. Akajibu papo hapo, "Mama Neema, jirani yangu. Ila asije mbio." Basi nikazunguka nyumba zote za chama na swali hilohilo, na safari hii nilipiga kengele kuanzia kona mpaka kidole gumba kikaota sugu. Wengine walikuwa na jina tayari. Wengine walifikiri sana, na niliona aibu kukaa pale wakigundua kwamba hawana mtu. Mzee mmoja wa Msalato alimtaja jirani ambaye hawasalimiani, akajikuna kichwa, akasema itabidi wapatane kwanza.

Nikaivunja programu nikaiandika upya. Sasa asiyesoma, anayeishi peke yake, mgonjwa, na ndugu wa karibu wa marehemu hawapelekewi meseji. Inakwenda kwa mjumbe wao, inamwambia aende kwa fulani, asiseme mlangoni, aombe maji. Wanachama wengine wanasubiri kidogo, ili habari isimfikie mtu kwa kelele za mtaani kabla mjumbe hajakaa naye. Mjumbe akishamaliza anajibu neno moja, na hapo ndipo wengine wanapata. Neno lenyewe unalijua.

Kisha yule mvuvi wetu wa Mtera akafariki, Mungu amrehemu, na wazee wakakubali tujaribu mara moja tu. Mama Neema akaenda kwa Bi Tabu, akasalimia, akaomba maji. Bi Tabu akampa, akamwangalia anavyokunywa, akasema, "Nimeelewa. Haya, niambie ni nani." Mama Neema akajibu lile neno, wakakaa wote wawili mpaka Bi Tabu akatulia, na aliyefariki alizikwa watu wote wapo. Kwenye kikao Ba' Mkubwa akasimama, akasema, "Hii ni ya marehemu mdogo wangu. Iendelee." Ya marehemu, si yangu mimi niliyekesha nayo. Nikamwachia, maana kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli.

Siku ya kuwasilisha chuoni, mhadhiri mmoja akanikodolea macho. "Kwa hiyo mfumo wako unachelewesha taarifa kwa makusudi?" Nikasema ndiyo. Nikatamani beringi ya kupuliza, kama wewe. Kisha nikawaeleza habari ya maji. Walipomaliza kuuliza, yuleyule mhadhiri akanifuata mlangoni akataka kujua kama naweza kumwandikisha mama yake, anaishi peke yake kijijini.

Nimefaulu, Baba. Ba' Mkubwa sasa ananiita Injinia mbele ya wageni kama vile neno amelibuni yeye.

Limebaki jambo moja dogo. Namba yako bado imo. Nimeiwekea alama kwamba ni ya marehemu, haitapokea kitu tena, Mama hatashtushwa. Lakini programu haikubali jina lisilo na mjumbe. Ukiiacha nafasi ya mjumbe wazi inakataa kuhifadhi, nimeiandika mwenyewe na ni kali. Msimamizi alisema nikufute tu, rahisi. Nikamwambia sawa, na sikukufuta. Pale pa mjumbe wako nimejiandika mimi.

Kwa hiyo kesho nakuja. Siku ile ya kukuzika sisi wanawake tulibaki nyumbani, na sijui kama Ba' Mkubwa atapenda kuniona makaburini, basi nitasimama nje ya ukuta, panatosha. Mnyororo nimefunga mpya, na nimeufunga mwenyewe. Nakuahidi kila habari ya nyumba hii nitakuletea mimi, si mtu mwingine, na ikiwa mbaya utaniona naikokota. Lala salama, Baba yangu. Mama anakusalimu, na paa nitapanda kuliziba mwenyewe.

Kesho sitaikokota. Nitapiga kengele kuanzia kona mpaka ukutani, kwa hiyo usishtuke, usiulize nani tena. Ni Injinia wako. Nimepata kazi.

Zaina