Mimi Siumwi, Kaa na Jiwe Lako

Chumba cha uani,
Nyumba ya baba yako,
Jumatano, chai bado ya moto.

Mpendwa mjukuu wangu Macho-Juu,

Hujambo? Mafua yalikwisha? Huko mlimani kwenye darubini, baridi bado inawang'ata? Natumaini unavaa zile soksi nene nilizokupa, hata kama rangi yake inatisha watu.

Mimi ni mzima. Rudia kusoma hapo, maana kila barua huanza na uzima na hakuna anayeusoma. Mimi ni mzima! Nakula, nakoroma, nagombana na watu. Goti la kushoto linalalamika, lakini hilo lilianza kulalamika kabla baba yako hajaoa, na hatujawahi kulisikiliza.

Jana nilikwenda kunyolewa. Kinyozi wangu unamjua, yule mwenye redio iliyofungwa kwa mpira. Alimaliza upande mmoja, akaiacha mashine inanguruma hewani, akanitazama kwenye kioo.

"Mzee, samahani. Wewe si uko mahututi?"

"Nani kasema?"

"Mwanao. Kasema umezidiwa, mpaka mjukuu anaacha kazi yake anarudi kukuuguza."

"Na uliponiona naingia hapa kwa miguu yangu, ulidhani nini?"

"Nilidhani umepata nafuu kidogo. Sikutaka kukukatisha tamaa."

Nikavua kitambaa chake shingoni, nikaondoka na kichwa nusu.

Baba yako nilimkuta sebuleni anapiga pasi shati. Shangazi yako yupo pembeni, anakunywa soda. Nikawauliza, mimi naumwa nini? Shangazi yako akaangalia dari. Baba yako akasema, "Baba, kaa kwanza, usijipandishe presha."

"Presha ndiyo niliyopewa, au mmenichagulia nyingine?"

Hapo likatoka lote. Kuna kazi kwenye ofisi ya bima, meneja ni rafiki wa baba yako, kiti chako kimeshawekwa. Walikuita uje ukikalie, ukakataa. Basi wakanilaza mimi kitandani. Na simu yangu, niliyoambiwa iko kwa fundi, ilikuwa ndani ya kabati la vyombo nyuma ya birika, imezimwa, usije ukapiga ukanisikia nacheka.

"Ni kwa faida yake," akasema baba yako. "Mtu mzima anakodolea macho mawe! Ingekuwa nyota ningeelewa. Mawe!"

Na mimi, niliyeishia darasa la nne kwa kufukuzwa, ndiye niliyemweleza mwanangu mwenye tai kile ulichonieleza wewe. Kwamba nyotamkia za kawaida hutoka mbali sana, kwenye baridi, zikapita na kwenda zao. Hizi za kwako ni za humu humu, zinazunguka katika ule ukanda wa mawe kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, zimejifanya mawe kama mengine. Ukanitolea mfano wa kiwanda cha barafu nilichofanyia kazi, jinsi tulivyofunika mabonge kwa unga wa mbao yasiyeyuke. Ndani ya jiwe lako, ulisema, barafu imejificha hivyo hivyo chini ya vumbi. Likikaribia jua, mvuke unatoka na vumbi lake, na huo ndio mkia. Baba yako akaniuliza kiwanda kilifungwa mwaka gani. Hilo ndilo alilolisikia.

Lakini kilichonichoma zaidi ni bibi yako. Mkia wa jiwe lile uliuona mara moja tu. Liliporudi karibu na jua baada ya miaka mitano na ushee, wewe ulikuwa hapa, umemshika bibi yako mkono siku zake za mwisho. Ulifanya vizuri. Yule alikuwa anaumwa kweli. Sasa jiwe linarudi tena, na mtu anachukua kitanda kile kile, ananilaza mimi kwa uongo, ili wewe uje mbio kama ulivyokuja kwa bibi! Nikamwambia mbele ya dada yake, "Umemfanya mama yako chambo." Akabaki na pasi mahali pamoja mpaka shati likaanza kuungua. Niliona moshi. Sikumwambia.

Na wewe usicheke, zamu yako imefika. Msomi mzima! Jiwe likikuonyesha mkia kwenye picha moja, unasema ngoja kwanza, huenda yamegongana mawe mawili yakatoa vumbi, tusubiri turudie. Baba yako akasema babu mahututi, hukuomba hata picha! Jiwe linadaiwa ushahidi mara mbili, mimi napelekwa kaburini kwa simu moja. Nasikia umeshamwambia mkubwa wako awape wengine siku zako za darubini. Nenda ukazidai leo. Kama ni lazima kulia mbele yake, lia.

Nikwambie na la kweli, maana uongo umejaa humu ndani mpaka jikoni. Mimi ni mzee. Siku moja watakwambia babu mahututi, na itakuwa kweli. Kama siku hiyo jiwe lako liko karibu na jua, baki nalo. Mimi nikiondoka nimeondoka, hakuna atakayekaa mlimani kungoja nirudi na mkia. Lile linarudi. Likirudi na mkia pale pale karibu na jua, basi ni barafu, maana ajali haina ratiba, na profesa wako anayeng'ang'ania kwamba mawe yaligongana atafute la kusema.

Ningekupigia, ila nikikasirika kwenye simu sauti inakatika nalia, na ungesema ndio huo ugonjwa. Kwa hiyo kinyozi ataipiga picha barua hii na kukutumia.

Mama yako anakusalimu. Alikuwa safarini, hakujua kitu. Amerudi, amewafokea wote, kisha akanikaangia mayai. Mwalimu mstaafu wa jirani anakusalimu pia, yule ninayemfunga drafti kila siku na yeye anawaambia watu kinyume chake. Baba yako na shangazi yako hawakusalimu. Sijawaruhusu.

Mungu akupe anga lisilo na wingu, akukinge na baridi, na akutie uziwi kidogo kwa simu za nyumbani.

Picha ya mwisho ni mimi mwenyewe, nimesimama, kichwa nusu. Huo ndio ushahidi wako. Nusu iliyobaki hainyolewi mpaka uniambie siku zako umezirudisha. Mtaa mzima unanicheka. Kinyozi anasema mvi zinazopepea upande mmoja ni mkia. Basi nazunguka nao hapa mtaani, nakungoja.

Mzima kabisa, akupendaye kwa hasira zote,
Babu