Hukustaafu, Bert: Kumbukumbu ya Herbert Clegg wa Burnley

Mwaka umekatika, kaka Bert, tangu ututoke, na nyumba hii haijatulia.

Magazeti ya London yalikuaga kwa jina la Piers Lorimer, ulilobandikwa na kampuni ya filamu kwa kuwa Clegg, walisema, ni jina la muuza makaa. Sisi tulikuzika kwa lako. Mtoto wa wafuma pamba, kampuni ikakufundisha kutamka upya kila neno, kisha miaka kumi na tano ukacheza makabaila na makanali. Mama alipokuja kukutazama sinemani mara ya kwanza, ukumbi wote kimya, akasema kwa sauti, "Huyu si wangu. Huyu kaja kudai kodi." Watu wakavunjika mbavu. Ulipohadithiwa, ulicheka kuwashinda.

Hukuwa na makuu. Viwanda vilipofungwa kwa likizo ya kiangazi na mji mzima kuhamia Blackpool, pwani, ulikuja nasi, ukala utumbo kwa siki umesimama barabarani. Kukaa kitako hukujua. Hata chai uliinywa ukizunguka jikoni, mkeo Dorothea akikufokea: "Keti, bwana wee, hapa hakuna kamera."

Studioni, kabla ya kusema neno lako la kwanza, uliinua kichwa ukawasalimu mafundi wa taa kule juu darini, mmoja mmoja kwa jina. Ndiyo maana uliona. Uliona ukingo wa kuwazuia wasianguke kwenye njia yao ya juu umeng'olewa ili kamera ipite, na haukurudishwa. Wiki ileile mmoja wao, Silas Greenhalgh, akaanguka kutoka huko juu, akafa. Kampuni ikasema alikuwa amelewa. Wewe ukaenda mbele ya hakimu, ukaapa, ukasema kwa lafudhi ya kwetu, si ile ya kununuliwa: "Silas hakunywa kitu. Ukingo haukuwapo."

Basi. Hawakukuita tena. Ukarudi Burnley ukauza viatu, na kila simu ya jirani ilipolia nyuma ya ukuta, ulisimama ukasikiliza, labda wanakuita.

Sasa wanataka kukutundikia kibao cha shaba kwenye sinema ya zamani: "Alistaafu kwa hiari akiwa kileleni." Bwana mmoja wa kampuni alituletea maneno hayo nyumbani, akanywa na chai yetu.

"Ni maneno mazuri, mama," akasema.

"Mazuri kwa nani?" Dorothea akamuuliza.

"Yale ni mambo ya zamani. Nani anayakumbuka?"

"Huyo hapo," akaninyooshea kidole. "Na ana mdomo."

Tuliomba wayafute. Wamekataa. Jumamosi wanakifunua, na wametutengea viti vya mbele. Hatuvikalii. Tutasimama ng'ambo ya barabara, na uliyoyasema wewe mbele ya hakimu tutayasema sisi mbele ya mji, wapige tarumbeta wasipige.

Jana mjane wa Silas alituma mtu kuuliza kama anaweza kusimama nasi, hata nyuma kabisa, asije akatuharibia shughuli. Tumemjibu: mama, wewe ndiye utakayesimama mbele.

Unakumbukwa na mkeo Dorothea, binti yako Maud na wanawe, dada yetu Hilda, na mimi mdogo wako Enoch, niliyeandika haya kwa niaba ya wote.

Sisi tutakukumbuka daima, kaka. Wao tutawakumbusha.