Nani Anamwagilia Sukuma?

Jumatatu, 3 Machi
Maji yamerudi. Nimejaza madumu yote kabla ya kwenda kazini. Mama aliamka mapema, akamwagilia mboga zake, sukuma wiki alizopanda kwenye gunia pale veranda, kisha akakaa chini ghafla. Tumbo tena. Daktari amesema apasuliwe tarehe ishirini na tano. Mama amenikataza kumwambia mdogo wangu, Wekesa. “Akijua atatoka huko. Nyamaza, Nafula.” Wekesa yuko unovisi, anajifunza utawa. Mwaka mzima bila simu.

Alhamisi, 6 Machi
Cyber ninakofanya kazi haikuwa na wateja. Nimefungua programu ya kujifunza Kilatini. Ni ya bure, ni huria, mtu yeyote anaweza kuongeza, kurekebisha, au kukagua na kupitisha ya mwenzake. Wekesa ndiye aliyeniwekea. Kabla hajaenda tulikuwa tukiitafsiri pamoja hapa mtaani Umoja, yeye sarufi, mimi mifano. Wanovisi wanasomea hiyo hiyo. Kila Jumamosi padre anaweka toleo jipya kwenye kompyuta zao na kutuma marekebisho ya wanafunzi. Basi natunga mifano ya nyumbani. Somo la sita: Mama anamwagilia sukuma. Jirani anafukuza kuku. Najua anasoma. Ni kama kumpelekea chakula.

Jumapili, 16 Machi
Kwaya haina besi tena, kuna mzee mmoja tu anayekohoa. Nimemkumbuka Wekesa mpaka nikakasirika. Mama hakula. Sukuma zimenyauka, mimi huzisahau. Namtaka ndugu yangu. Si sala zake. Yeye mwenyewe, hapa, ashike beseni mama akitapika.

Jumatano, 19 Machi
Nimeandika. Somo la saba. Mater aegrotat. Mama ni mgonjwa. Nikatuma haraka, kabla sijajionea aibu.

Ijumaa, 21 Machi
Nimejaribu kuifuta. Nimechelewa. Mkaguzi, mtu wa kujitolea, sijui hata yuko nchi gani, ameipitisha. Ameandika: asante, mfano mfupi, mzuri. Toleo limeshatoka. Wekesa akiacha utawa kwa sababu yangu, mama hatanisamehe. Nampikia uji na siwezi kumtazama usoni.

Jumamosi, 22 Machi
Leo padre anaweka toleo jipya. Kila boda boda ikisimama getini nachungulia. Nataka aje. Naogopa akija.

Hakuja.

Jumanne, 25 Machi
Wamempasua mama. Ametoka salama, ashukuriwe Mungu. Nilikaa kwenye benchi ya hospitali kutwa nzima, na kila kijana mrefu aliyeingia nilidhani ni Wekesa.

Jumatatu, 31 Machi
Kuna mapendekezo mapya kwenye programu. Somo la nane. Yametoka kwenye kompyuta za unovisi.

Frater scit. Frater manet. Quis olera rigat?

Chini yake, Kiswahili chake: Ndugu anajua. Ndugu anabaki. Nani anamwagilia sukuma?

Nimelia mbele ya mteja aliyekuja kuchapisha CV. Akaniuliza, “Uko sawa, madam?” Nikamwambia ni mafua. Haji. Nilikuwa namngoja kweli kweli, sasa ndiyo naona. Na hajaacha utawa, jambo ambalo lingepaswa kunifurahisha. Bado halijanifurahisha.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemwambia mama yote. Nilijua atafoka. Badala yake akaniomba nimsomee tena yale maneno ya Wekesa. Nikasoma. Kisha akasema, “Nilikukataza kumwambia. Kilatini sikukitaja.” Akacheka kidogo akishika mshono.

Akataka kwenda veranda. Nikamshika mkono. Sukuma nyingi zimekufa, chache zina majani. Alimwaga kikombe kimoja, akapumzika, akamwaga kingine.

Jioni nimepitisha sentensi za Wekesa bila kubadilisha kitu. Chini yake nimeongeza jibu. Mater rigat. Mama anamwagilia.

Wekesa atalisoma Jumamosi.