Bomba Linalotoka Paani

Jumatatu, 9 Oktoba 2000
Basi la kutoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, limechelewa tena. Nimefika mjini, Old Town, saa nne. Hospitali moja binafsi imejenga uwanja wa helikopta juu ya paa. Mhariri wa gazeti letu anataka habari ya kusifu. Mlinzi wa paa ni Papa Asukulu, jirani yangu kambini, mkimbizi kutoka Fizi. Kabla ya vita alikuwa mzimamoto wa uwanja wa ndege. Alinipandisha, akamwaga ndoo ya maji kwenye mfereji wa paa, akaniambia nishuke nikaone yanatokea wapi.

Yalitokea uani, mdomoni mwa bomba, hatua mbili kutoka kwenye majiko ya kuni. Ndugu wa wagonjwa hupika nsima, ugali wa huku, hapo. Helikopta ikivuja mafuta, yatapita njia hiyohiyo.

Jumanne, 10 Oktoba
Meneja wa hospitali: bomba lilikaguliwa na mhandisi. Mhariri: tusubiri hadi baada ya uzinduzi wa uwanja, Ijumaa. Wote wawili wamenijibu kwa heshima. Nimekasirika.

Jumatano, 11 Oktoba
Asukulu ameomba bomba lizibwe. Amekataliwa. Ana mitungi miwili ya povu la kuzimia moto, na anayejua kuitumia ni yeye peke yake.

“Mi niko mumoja tu, yaya. Nikae juu ao chini?”

Kwao, yaya ni dada.

Ijumaa, 13 Oktoba
Helikopta ilikuja saa tano, ikileta mgonjwa kutoka kando ya ziwa. Saa ya kupika. Nilitakiwa kuwa paani na wapiga picha. Nilikwenda uani, nikaanza kumwagia majiko maji. Yalikuwa saba.

Mama mmoja wa mtaa wa Kauma alinivuta gauni. “Iwe! Wewe! Mgonjwa wangu atakula majivu?”

“Mumuache,” akacheka Mrundi mmoja. “Jua limemupanda kichwa.”

Nilieleza huku namwaga. Hakuna aliyeniamini. Nilikuwa kwenye jiko la sita kishindo kiliposikika juu. Helikopta ilitua vibaya, ikalala ubavu, tangi likapasuka. Bomba likakohoa. Kisha harufu, kisha mafuta.

Jiko la saba lilikuwa la yule mama wa Kauma. Alilipindulia sufuria yake nzima.

Hakuna aliyeungua. Juu, Asukulu alimaliza mitungi yote miwili. Rubani na mgonjwa wako hai.

Jumamosi, 14 Oktoba
Asukulu amefukuzwa kazi. Sababu: alimpandisha mwandishi paani bila ruhusa. Ni kweli. Mwandishi ni mimi.

Habari yangu imekatwa, imebaki mistari sita. Bomba halimo. Nimepita hospitalini: halijaguswa.

Jumapili, 15 Oktoba
Dzaleka. Baada ya ibada nimemkuta Asukulu nyuma ya nyumba yake, anafyatua matofali. Nilimwomba radhi. Aliendelea kufyatua. Hakuuliza habari za gazeti. Aliuliza: “Wale bamama banapikia wapi sasa?”

Nikamwambia: nje ya ukuta, upande wa barabara. Wamehamisha mafiga wenyewe.

“Ile njo vizuri,” akasema. Akachota udongo mwingine.